Maua na viumbe wa porini katika kishamba cha kukodi, Uingereza

Mgeni wa Leeds:
Ndugu zangu, halmashauri imenikodisha kishamba cha takribani mita za mraba 125, yaani nusu ya kipimo cha kawaida. Ningependa kupanda maua kando ya sukuma wiki ili nyuki waje, lakini konokono wasio na gamba wamekwisha kula miche yangu, na jirani ananishauri nitumie sumu. Nifanyeje?

Mpenda Bustani:
Ikiwa jirani anamaanisha vidonge vya metaldehaidi, vilipigwa marufuku kutumiwa nje mwaka 2022. Afadhali uzike beseni kuukuu ardhini, ulijaze maji ya mvua na kupanga mawe upande mmoja ili viumbe waweze kutoka. Vyura wakifika watakula konokono bila kudai ujira. Usihamishe mayai ya vyura kutoka kidimbwi kingine, kwani huenda ukahamisha na magonjwa.

Mkulima Mzee:
Kwanza usome mkataba wako, maana baadhi ya halmashauri haziruhusu madimbwi. Kuhusu maua, chagua boraji, lavenda na alizeti za kawaida, kwa sababu yale yenye petali nyingi zilizorundikana, ingawa hupendeza macho, huwazuia nyuki kuufikia mbochi, yaani utomvu mtamu wa maua. Chini ya uzio uache tundu la sentimita 13 kwa 13, ili kalunguyeye apite usiku.

Mgeni wa Leeds:
Ahsanteni. Mkataba unaruhusu kidimbwi kidogo, kwa hiyo Jumamosi nitalizika beseni.