Kupiga picha za Njia Nyeupe Ziwa Natron: nijihadhari na nini?

Swali
Ndugu zangu, salaam. Katikati ya Julai, katika siku za giza zisizo na mwezi, natarajia kwenda Ziwa Natron kupiga picha za Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga (Milky Way). Kamera yangu ni ya kihisi kidogo cha APS-C, lenzi ni ya milimita 18, f/2.8, na stendi imara ninayo. Maelekezo mengi niliyosoma yanashauri kuacha shata wazi kwa sekunde 25 na kusubiri usiku wa manane. Je, yanafaa kwa huku kwetu?

Jibu la kwanza
Kabla ya sekunde, fikiria fokasi, yaani ukali wa picha, kwa sababu picha yenye ukungu haiokoleki nyumbani hata kwa programu nzuri. Alama ya umbali wa mwisho iliyochorwa kwenye lenzi si ya kuaminiwa. Zima fokasi ya kujiendesha, elekeza kamera kwenye nyota angavu ya Rijili Kantori (Alpha Centauri), ambayo mnamo saa mbili usiku huwa kusini kabisa, ikuze mara kumi kwenye skrini, kisha zungusha pete polepole mpaka nyota iwe nukta ndogo kadiri inavyowezekana. Ibandike pete selotepu, na ukague tena kila unapohama.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila sekunde 25 zitakuponza. Dunia huzunguka, na shata ikikaa wazi mno nyota huwa mistari; kanuni ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi ili kupata sekunde za mwisho ni ya kihisi kikubwa. Kwako milimita 18 ni sawa na 27, kwa hiyo unapata sekunde 18 hivi, nami ningeanzia 15 kwa ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya 3200, maana kanuni yenyewe ina ukarimu uliopitiliza.

Na huo usiku wa manane ni ushauri wa Ulaya, ambako kitovu cha Njia Nyeupe, kwenye kundinyota la Mshale (Sagittarius), hakipandi sana. Natron iko karibu na ikweta: katikati ya Julai, saa tano usiku, kitovu kimeshapita nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, na ukikifuata huko utapata nyota tupu bila mlima wala mti. Saa mbili, giza likishakolea, kiko kusini-mashariki kwenye nyuzi 40 hivi. Tafuta mchana mahali penye kitu cha kupendeza upande huo, kisha uisimamishe kamera wima.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Je, nikiridhika na picha kwenye skrini, inatosha?

Jibu la pili
Haitoshi, ndugu yangu. Gizani skrini hung'aa kiasi kwamba hata picha nyeusi huonekana nzuri. Punguza mwangaza wake, soma histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, na hifadhi faili za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazibana. Tumia tochi nyekundu, kwani macho yakishapigwa na mwanga mweupe huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza upya. Lenzi usiibadilishe ufukweni, kwa kuwa vumbi la magadi hupeperuka na upepo na kuingia ndani ya kamera.