Tableti ya kibodi ya kuchomoa inaweza kweli kubeba kazi ya laptopu na kishikwambi?

MdauTandahimba

Wakuu habari za mchana, naomba ushauri kwa wenye uzoefu maana hela imepatikana na sitaki kukurupuka.

Mimi ni afisa ugani huku Tandahimba, kazi yangu nusu iko shambani nusu iko mezani. Shambani nazunguka na pikipiki, nasajili wakulima, napiga picha mikorosho yenye ugonjwa wa ubwiri unga, nachukua alama za GPS za shamba kwenye KoboCollect, ile programu ya kujazia fomu za takwimu, na msimu wa minada ukifika nashinda ghalani na makatibu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, tunalinganisha daftari na mizani. Jioni nikirudi ndio zamu ya laptopu, ripoti za Word, Excel ya kata nzima yenye shiti kibao, halafu nimeanza masomo ya Chuo Kikuu Huria kwa hiyo kuna PDF za kusoma na kuweka alama kila siku.

Sasa hivi natembea na laptopu ya inchi 15.6 pamoja na kishikwambi cha Android cha inchi 10, chaja mbili tofauti, vyote kwenye begi moja mgongoni, na barabara zetu za vijijini mnazijua, bawaba ya laptopu imeshaanza kulegea kwa kurushwarushwa. Jamaa yangu wa mjini ananiambia uza vyote viwili, chukua hizi mbili kwa moja kama Surface Pro au HP za x360, mambo yaishe. Bajeti ni milioni moja, mtumba sina shida nao.

Je, kitu kimoja kinaweza kazi zote hizi, au nitaishia na kitu ambacho laptopu si laptopu na tableti si tableti? Naomba wanaozitumia wenyewe waseme.

Fundi_Chikongola

Karibu mkuu. Mimi hizi mashine nazifungua hapa Mtwara mjini kwa hiyo nakwambia ninachokutana nacho mezani. Kwa kazi uliyoieleza, laptopu yako itapumzika, kishikwambi hakipumziki.

Kwanza elewa ziko za aina mbili. Kuna za kuchomoa kibodi, yaani kompyuta nzima iko nyuma ya kioo, kama Surface Pro, HP Elite x2, Dell Latitude 5290 ile inayochomoka, na kuna za kugeuza kioo mpaka nyuma kama Lenovo Yoga, EliteBook x360, ThinkPad X1 Yoga. Hizi za kugeuza ni laptopu kabisa, nyingi zinacheza kwenye kilo 1.2 mpaka 1.4, ukisimama ghalani umeishika mkono mmoja huku unaandika jina la mkulima, wakulima kumi hawafiki mkono umeshachoka. Za kuchomoa ni nyepesi, Surface Pro 7 ina gramu 775 bila kibodi, sema kibodi inaongeza kama gramu 300, na angalia hapo kwenye kibodi maana inauzwa peke yake, wauzaji wengi wakikutajia bei wanakutajia kioo kitupu.

Sasa kwenye KoboCollect ndio pagumu. Ile programu ni ya Android. Kwenye Windows fomu ya Kobo unaifungulia kwenye brauza, na ukishaifungua mara moja ukiwa na mtandao unaweza kuendelea kujaza hata bila mtandao, hapo sawa. Shida ni GPS. Hizi tableti za Windows zisizo na sehemu ya kuweka laini ya simu, nyingi hazina GPS kabisa, zinakisia ulipo kwa kunusa wifi zilizo karibu, sasa katikati ya mikorosho wifi utaipata wapi? Zenye sehemu ya laini ndio mara nyingi zinakuwa na GPS, ila ni chache na bei yake iko juu. Kishikwambi chako cha Android, hata kama ni cha bei ndogo, hapo kinaishinda mashine ya milioni.

Pili ni miaka. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, kile kijisehemu cha usalama ndani ya mashine, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo Surface Pro 4 ya 2015 na Surface Pro ya 2017 hazimo kwenye orodha, zinazokubali Windows 11 zinaanzia Surface Pro 6 ya 2018. Na hizo zilizoachwa ndizo zimejaa kwenye maduka ya mitumba kwa bei tamu, tena zinang'aa ukiziona unazipenda.

Tatu, matengenezo, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Laptopu yako hiyo bawaba ikikatika tunaitengeneza, betri unanunua unaweka, RAM unaongeza. Hizi za kuchomoa kioo kimegandishwa na gundi, unapasha moto pembeni taratibu kwa saa nzima na bado kinaweza kupasuka mkononi, betri iko chini ya kioo nayo ina gundi, RAM imechomelewa kwenye bodi. Wale iFixit wa Marekani wanaofungua vifaa na kuvipa alama, Surface Pro ya 2017 waliipa 1 kati ya 10. Joto la huku pwani na kuacha kifaa kwenye chaji usiku kucha linavimbisha betri, na betri ya hizi ikivimba inanyanyua kioo chote. Mteja akiniletea ya hivyo huwa namwambia wazi kabla sijashika kifaa kwamba kioo hakina uhakika.

Mwl_Kitangari

Fundi kaongea ukweli ila mimi nina njia nyingine. Kwani lazima Windows? Mimi ni mwalimu wa sekondari, natumia kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 tukagawiwa walimu, nimekiongezea kibodi ndogo ya bluetooth na kistendi basi, maandalio ya somo naandika humo humo, azimio la kazi humo humo, betri inakaa. Mwenye milioni moja anaweza kuchukua Samsung Galaxy Tab S, zile zenye DeX, ukiiwasha unapata madirisha na upau wa chini kama kompyuta, GPS ipo, KoboCollect ipo, kalamu ipo. Kitu kimoja kweli kweli. Sioni kwa nini afisa abebe kilo mbili mgongoni.

Binti_Mikindani

Mwalimu hapo kwenye Excel ndio nina wasiwasi. Excel ya Android haiendeshi makro, yaani zile amri zilizoandikwa ndani ya faili zifanye kazi zenyewe, na kama faili la kata lina makro aliyoandika mtu wa wilayani, kwenye tableti litafunguka utaliona tu lakini vitufe havifanyi kitu. Halafu kuna hili wengi hawalijui, Word na Excel za simu ni bure kuhariri kwenye kioo kisichozidi inchi 10.1, kikizidi hapo inataka usajili wa kulipia. Hizo Tab S nyingi ni inchi 11 kwenda juu. Na akifika kwenye utafiti wa masomo yake akitakiwa kutumia SPSS, programu ya kuchambua takwimu, kwenye Android haipo.

Kwangu mimi hii mbili kwa moja imeniondolea vitu viwili kabisa, ila mimi ni mwanafunzi, kazi yangu kusoma na kuandika. Ninayo ya kuchomoa ya inchi 12.3. Kile kioo ni kirefu kwenda juu, uwiano wa 3 kwa 2, ukikishika wima ukurasa wa PDF unakaa wote bila kusogezasogeza, unachukua kalamu unapiga mstari, unaandika pembeni kwa mwandiko wako, kitini cha kurasa mia mbili nakimaliza bila kuchapa hata karatasi moja. Kuchapa vitini huwa kunatumaliza hela wanafunzi, kwa hiyo naipenda hii kitu kwa moyo wote na nitamtetea yeyote anayeitumia kusomea.

Sema kuna pa kuvumilia. Kile kimguu cha nyuma kinataka meza. Kwenye basi la Dar ukiweka mapajani kinateleza, barabara ikiwa na matuta ndio kabisa. Na Windows 11 iliondoa ile hali ya tableti iliyokuwepo kwenye Windows 10, vitufe vingi bado ni vidogo kwa kidole, ukilala kitandani kuangalia video utatamani kishikwambi chako cha kawaida.

Nachingwea_Kwetu

Hakuna aliyetaja salfa. Wakuu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba watu wanapuliza salfa, ile dawa ya unga ya ubwiri, kwenye mikorosho, ule unga unaingia kila tundu. Mimi nanunua korosho na nazunguka mashambani, tundu la chaji la tableti yangu nilikuta limeshika unga wa njano umegandamana na jasho la mfukoni, meno ya ndani yamekuwa meusi. Kishikwambi cha laki mbili unakivalisha kava la mpira unaenda nacho. Mashine ya milioni yenye feni inayovuta hewa ya shambani siipeleki huko, hata uniambie nini.

Na umeme ukikatika uliza inachajiwa na nini. Surface za zamani mpaka Pro 6 zina chaja yao ya sumaku, hazina USB-C, ingawa kuna waya wa kuunganisha kutoka USB-C wa volti 15. USB-C ilianzia Pro 7. Pawabanki ya kawaida ya simu inayotoa volti 5 haiisaidii, tafuta ya wati 45 kwenda juu.

Mwl_Kitangari

Dada wa Mikindani hilo la makro nimelielewa, faili la wilayani linabadilisha hesabu. Kwa anayeandika na kujaza fomu tu bado nasimama na Android.

MdauTandahimba

Mwalimu shikamoo, na wengine wote nawashukuru sana, hapa nimepata nilichokuwa sikijui. Faili la wilayani lina makro, nimelifungua sasa hivi kuhakikisha, kwa hiyo Android peke yake haitoshi. Na GPS siwezi kuikosa, ramani ya mashamba ndiyo kazi yenyewe.

Nilivyoamua, kishikwambi kinabaki na kinaendelea kwenda shambani na salfa yake. Laptopu nzito naiuza, nachukua x360 ya inchi 13 ya kizazi cha 8 au zaidi, inakaa nyumbani na ofisini, usiku naigeuza nasomea na kalamu. Data za Kobo zikishatumwa kwenye seva nazishusha kwenye x360 kama Excel, sihitaji hata waya. Nina ndugu yuko Dar atanipitia Kariakoo. Fundi, nimwambie aangalie nini maana hizi kompyuta yeye hazijui?

Fundi_Chikongola

Hapo umepanga vizuri mkuu, na x360 nyingi mfuniko wa chini unafunguka kwa bisibisi, betri naibadilisha mwenyewe.

Mwambie hivi. Aiweke mezani ikiwa imefungwa aitazame kwa ubavu, kama mfuniko wa chini umetuna au pedi ya kipanya haibonyezeki vizuri, betri imevimba, aachane nayo. Aigeuze kioo mpaka nyuma na kurudi polepole, kioo kisizime wala kucheza katikati maana waya wake unapita kwenye bawaba. Achore kwa kidole kona hadi kona kioo kizima, mstari ukikatika sehemu ujue mguso una tatizo hapo. Kalamu aijaribu pale pale, si kila kalamu inaendana na kila mashine, asikubali kuambiwa zote ni sawa.

Betri, afungue lile dirisha jeusi la amri aandike powercfg /batteryreport, itamtolea faili, humo kuna ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa hivi, akupigie picha akutumie. Wa sasa ukiwa chini ya nusu, muuzaji apunguze bei kiasi cha kununulia betri mpya.

La mwisho ndilo kubwa. Mitumba hii mingi ilikuwa ya makampuni ya nje, mingine bado imesajiliwa na kufungwa kwa kampuni yenyewe kupitia mtandao hata kama inawaka na kufanya kazi vizuri dukani. Amwombe muuzaji aifute na kuweka Windows upya pale pale huku imeunganishwa na intaneti ya simu yake. Kwenye hatua za mwanzo ikitokea jina la kampuni na kuomba barua pepe ya kazi, airudishe mezani aondoke, hata wakimpunguzia laki tatu. Na BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, aingie aone haina nywila. Akishindwa hatua yoyote anipigie video, nitamwelekeza akiwa hapo hapo dukani.