Nimepewa kipindi cha falsafa kidato cha tano, mzazi amekuja juu. Walimu na wazazi naombeni ushauri

Chaki Mfukoni
Wakuu, habari za jioni.

Nina digrii ya falsafa niliyoipata seminari kuu kabla sijaona kwamba upadri si wito wangu, nikaongezea stashahada ya uzamili ya ualimu. Mliopita njia hii mnaijua adha yake. Ajira za ualimu serikalini zinatangazwa kwa somo la kufundishia, na falsafa haimo kwenye masomo ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, si kidato cha nne wala cha sita. Kwa hiyo nipo shule binafsi, nafundisha Kiswahili.

Muhula huu mkuu wa shule akaniita: kidato cha tano wana kipindi cha Ijumaa mchana kinachopotea bure, wafundishe hiyo falsafa yako, mtihani hakuna.

Kipindi cha kwanza sikumtaja Socrates wala nani. Niliwauliza: daladala imefungwa injini nyingine, ikachongwa bodi mpya, baadaye viti, milango, kila kitu. Ni daladala ile ile? Darasa likalipuka. Kijana mmoja ambaye baba yake ana gereji akasimama: "Mwalimu, hapo angalia chesi namba tu, ile iliyogongwa kwenye fremu. TRA wanaosajili magari hawana habari na bodi." Wakampigia makofi, kesi imekwisha. Binti mmoja wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) akanyoosha mkono: "Na mtu je? Mimi wa chekechea na mimi wa leo, chesi namba yangu iko wapi?"

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mmoja akasema roho, mwingine akauliza nani kaiona, wa tatu akasema kumbukumbu, akaulizwa: bibi aliyesahau hata majina ya wanawe si bibi tena? Kengele imelia bado wanabishana. Jioni mwanafunzi mmoja akamuuliza baba yake kama roho ipo kweli. Mzee ni kiongozi kanisani. Jumatatu kabla ya paredi alikuwa ofisini kwa mkuu: mnafundisha watoto wasimwamini Mungu.

Mkuu hajanizuia, ila anataka nijieleze kwenye kikao cha wazazi. Walimu wenzangu nao wananung'unika kwamba madogo wamekuwa wabishi. Tena niliwaacha waongee Kiswahili, na shule yetu getini kuna kibao cha kuongea Kiingereza. Nisemeje kwa wazazi? Na hiki kipindi nikiendesheje kisife?

Mpenda Kuku
Wafundishe ufugaji kaka. Falsafa hailipi ada.

Frateri Mstaafu
Mimi nilisoma falsafa Kibosho. Huyo mzazi usibishane naye, muulize kwa upole padri wake alisoma nini. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka masomo ya upadri yasipungue miaka sita, na katika hiyo muda wa miaka miwili mizima ni wa falsafa. Kama falsafa inaua imani, basi Kanisa linajiua lenyewe. Akiwa Mlutheri tafuta hoja nyingine, hiyo haitamshtua.

Ukhti wa Tanga
Wazazi wa Kiislamu nao watakuja, jiandae. Waambie Imamu Ghazali, mwanachuoni wa zamani aliyewapinga wanafalsafa, aliwasoma kwanza kwa kina, akawajibu kwa hoja, na elimu ya mantiki hakuikataa. Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, naye akaja kumjibu Ghazali. Ubishi wa namna hiyo umo kwenye turathi yetu, haukuletwa na mwalimu wa Ijumaa.

Mwana Bukavu
Nawasalimu kutoka Kivu. Kwetu Kongo falsafa ni somo kama mengine, tuliisoma mwaka wa sita wa sekondari, ule wa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa, Platon alisema hivi, Descartes alisema vile, sisi tunanakili. Sikumbuki kuulizwa hata mara moja mimi naonaje. Hao wa daladala nawaonea wivu. Msikimbilie kudai pepa ya NECTA, mkiipata mtaletewa na vitini vya kukariri.

Mama Lea, Lyon
Bukavu, mimi mtihani siuogopi hivyo. Huku Ufaransa bakalorea, mtihani wa kumaliza sekondari, ilianza 1808 enzi za Napoleon, na falsafa hadi leo ni lazima mwaka wa mwisho wa sekondari, ukiacha mkondo wa ufundi stadi. Binti yangu kaufanya: muda ni saa nne nzima, unachagua moja, insha mbili zipo na kipande cha maandishi cha kuchambua. Mwaka 2023 swali mojawapo liliuliza kama kutaka amani ni kutaka haki. Hilo utalikariri wapi? Kasheshe ipo kwenye kusahihisha. Kila mwaka watoto wanalia kwamba alama inategemea umeangukia kwa mwalimu gani.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu Chaki, nimefundisha hadi nimestaafu, nisikilize.

Kwenye kikao usianze na neno falsafa. Mtaala umejaa "fikra tunduizi", na wathibiti ubora, wakaguzi wa shule, wakija wanaitafuta kwenye andalio la somo. Waonyeshe wazazi kwamba unachofanya kimo humo. Kisha wape ile daladala yako. Watakapoanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, wewe kaa chini, usiongeze neno.

Darasani, roho imekuja mapema mno. Hao watoto hawajazoea kutofautiana bila kugombana. Chora mstari katikati ya ubao, upande huu andika haraka haraka haina baraka, upande ule chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Uliza ipi ya kweli. Wote watasema "inategemea", na wanafunzi wetu wakishasema inategemea wanakaa wakijua wamepata. Usiwaache wakae. Inategemea nini? Mmoja atasema inategemea hasara ya kukosea. Muulize: hasara ya nani, na nani wa kuipima? Muhula mzima unaweza kuishia kwenye methali, na hakuna mzazi atakayekuja kulalamikia methali.

Na weka sharti: humjibu mwenzio mpaka urudie alichosema, na yeye akiri kwamba ndicho alichosema. Mwanzoni linachosha, wanachekana. Baadaye utaona anayekurupuka anakosa la kusema, kwa sababu hakuwa anasikiliza.

Hao walimu wanaolalamika, wengine wana haki. Kuna mtoto anauliza "kwa nini" ili kipindi kiishe. Wako wafundishe kwamba anayedai sababu ya mwalimu atangulize yake.

Lugha? Waongee Kiswahili, wala usiombe radhi. Mwisho wa kipindi waandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza, mkuu apate cha kuonyesha.

Jamaa wa Kisumu
Naunga mkono Mwalimu, naongeza moja. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa akiwahoji wazee vijijini juu ya Mungu, uhuru, usawa, kifo, halafu anawapinga kwa makusudi aone kama mzee ana sababu zake au anarudia mila tu. Waliojisimamia ndio aliowaita wanafalsafa, shule wasisome. Wape wanafunzi kazi hiyo nyumbani, swali moja, mzee mmoja. Huyo baba wa kanisani awe wa kwanza kuhojiwa.

Frateri Mstaafu
Kisumu umeua! Ila mwalimu awepo, maana watoto wakimkaba mzee wa watu hadharani hicho kikao cha wazazi hakitakalika.

Chaki Mfukoni
Shikamoo Mwalimu Mstaafu, na asanteni wote, hata wewe wa kuku. Methali nimezijaribu Ijumaa iliyopita, "hasara ya nani" imetumaliza muda wote. Mzee nimempigia simu. Alinyamaza kidogo, akasema atakuja kuhojiwa, ila anataka maswali mapema kwa maandishi. Wanafunzi wanasema tukimpa atakuja na mahubiri tayari. Nimpe?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Mpe, ni mgeni wenu. Na mwombe naye alete matatu ya kuwauliza wao, hayo wasiyaone kabla.