Naomba ushauri: kuwapeleka watoto na mama mkwe Ski Cooper, karibu na Leadville, Colorado

MkaziWaAurora
Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mimi na mume wangu tunaishi Aurora na watoto wetu wawili, mmoja yuko darasa la tano na mdogo wake ana miaka saba. Mama mkwe wangu anatarajiwa kufika kutoka Tanga katikati ya Februari, na wajukuu wamekwisha kumwahidi kwamba atawaona wakiteleza kwenye theluji, ingawa hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuvaa skii. Vail, kituo kikubwa cha skii, tumeiondoa katika hesabu, kwa kuwa tiketi ya siku moja ya mtu mzima katika siku za kilele imeshapita dola 300. Tumeelekezwa Ski Cooper, kilima kidogo kinachomilikiwa na kaunti ya Lake, umbali wa maili 10 hivi kutoka mji wa Leadville. Tunafikiria kupanda siku chache baada ya mama kufika, tulale Leadville usiku mbili, kisha turudi Jumapili alasiri. Mama ana miaka 68 na anatumia dawa za presha. Je, mpango huu unamfaa? Na kuhusu gari na bima, kuna jambo ambalo hatujaliona?

MtuWaMarangu
Dada, salaam. Nimefanya kazi ya kupandisha wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Denver, kwa hiyo nitazungumzia urefu wa mahali peke yake, maana naona hapo ndipo mpango wenu unapolegea. Leadville iko mita 3,094 juu ya usawa wa bahari. Kibanda cha Mandara, ambako wageni wa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza baada ya kutembea saa kadhaa, kiko mita 2,720. Maana yake ni kwamba mnataka kumchukua mtu wa Tanga, aliyeishi maisha yake yote kando ya bahari, mkamlaze juu zaidi ya Mandara, tena kwa gari lililompandisha kwa saa mbili na nusu tu. Kilicho hatari hapa kuliko kitu kingine chochote ni kulala juu, kwa sababu mtu anapolala hupumua polepole, na mwili ambao haujazoea hewa nyepesi huishiwa oksijeni usiku, ndipo anapoamka na kichwa kinachouma, kichefuchefu na uchovu usioeleweka. Akae kwanza Aurora kwa wiki nzima au zaidi, kwa kuwa Denver, yenye mita 1,609, iko chini kidogo hata ya Nairobi na itamzoesha bila kumtesa. Kisha laleni Buena Vista, mji ulio kusini mwa Leadville katika mita 2,428 hivi, na mpande Cooper mchana tu. Sisi kule mlimani husema panda juu, lala chini. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kupumua kwa shida akiwa ameketi, msisubiri asubuhi: mteremsheni saa hiyohiyo na kumpeleka hospitali.

MuuguziWaZamu
Ninaunga mkono yaliyosemwa, na ninaongeza machache. Mama amwone daktari wake kabla ya kupanda ndege, naye amweleze dawa zote anazotumia. Msimpe vidonge vya kuzuia ugonjwa wa urefu alivyobakiza jirani, kwa kuwa dawa hiyo, acetazolamide, humwongezea mtu mkojo, na mgonjwa wa presha huenda tayari anatumia dawa nyingine ya aina hiyo. Makopo madogo ya oksijeni yanayouzwa madukani hutuliza kwa dakika chache tu, kwa hiyo msiyafanye kinga. Kuhusu bima, someni vizuri ile ya mgeni, kwa sababu nyingi hazilipii majeraha ya kuteleza kwenye theluji. Mama akibaki chini akitazama, hilo halitawahusu, lakini asije akashawishiwa na wajukuu.

DerevaWaMasafa
Barabara kuu ya I-70, mtakayopitia kutoka Denver kwenda milimani, ina sheria kati ya Morrison na Dotsero, sheria ya matairi kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei. Gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne linapaswa kuwa na matairi ya majira ya baridi au yenye alama ya M+S (tope na theluji), na kashata zake ziwe na kina cha inchi 3/16 au zaidi, yaani karibu milimita 5. Vinginevyo lazima libebe minyororo. Tairi lenye kipara ni faini, na mkiziba njia faini huwa kubwa zaidi. Kwenye barabara nyingine kuu sheria kama hiyo hutangazwa hali ikichafuka. Jumapili alasiri I-70 hujaa watu wanaorudi Denver, na huo ni msongamano wa kumfanya mtoto alie. Mkilala Buena Vista, rudini kwa barabara ya US 285 kupitia Fairplay na Kenosha Pass, mkaepuka handaki la Eisenhower na foleni yake.

Mpenda_Steamboat
Kwa heshima, ninashangaa hakuna aliyeitaja Howelsen Hill iliyopo Steamboat Springs. Ni mali ya mji wenyewe, inafanya kazi tangu 1915, imepewa jina la Carl Howelsen wa Norway, na Jumapili wamekuwa wakiwaruhusu watu kuteleza bila tiketi. Mji uko mita 2,050 tu, kwa hiyo suala la mama linapungua nusu.

BabaWatatu
Howelsen ninaipenda, lakini ndugu yangu umesahau kuwa ule ni mteremko mkali uliokuza warukaji wa skii, na sehemu ya wanaoanza ni kipande kidogo cha chini. Cooper inatofautiana nayo. Ilianzishwa mwaka 1942 ili kuwafundisha askari wa milimani wa kambi ya jeshi ya Camp Hale, wengi wao wakiwa hawajawahi kuteleza, na hadi leo eneo lake la mbele ni pana na pole, lenye zulia linalosonga kwa watoto kabla hawajathubutu kupanda lifti ya viti. Theluji yake ni ya mbinguni tupu, hawaitengenezi kwa mashine, ndiyo sababu ni laini hata mwishoni mwa msimu. Nunueni kifurushi chenye somo, vifaa na tiketi pamoja, msijifundishe wenyewe. Kwa yule wa darasa la tano, ulizieni pasi ya wanafunzi inayotolewa na chama cha vilima vya skii vya Colorado. Mavazi ni rahisi: jinzi na soksi za pamba ziacheni nyumbani, na krimu ya jua pakeni hata kukiwa na mawingu.

MkaziWaAurora
Ninawashukuru sana. Tumeamua kusogeza safari hadi wikiendi ya kwanza ya Machi na kulala Buena Vista. Linalobaki ni mama: atafanya nini mchana kutwa mbali na kukaa dirishani?

BabaWatatu
Wikiendi hiyo mmebahatika, dada. Leadville huwa na mashindano ya skijoring, yanayofanyika tangu 1949: farasi anakimbia katikati ya Harrison Avenue, barabara kuu ya mji, akimvuta kwa kamba mtelezaji anayeruka vilima vya theluji huku akitunga pete kwenye mkuki wake. Kutazama ni bure. Jumamosi watoto wateleze Cooper, Jumapili nyote mpande Leadville mjini. Mama avae viatu vyenye soli nene, maana atasimama juu ya theluji iliyoshindiliwa, na mmbebee kiti cha kukunja pamoja na chupa ya chai. Barabara hiyo hufungwa kwa magari, kwa hiyo fikeni mapema mpate pa kuegesha karibu, asilazimike kutembea sana katika hewa ile.

MtuWaMarangu
Na mkimwona anatembea, mwambieni pole pole kama tunavyowaambia wageni. Yeye hatahitaji tafsiri.

BabaWatatu
Vyoo vya wageni viko karibu na barabara hiyo, lakini foleni ni ndefu. Mpelekeni kabla mbio hazijaanza.