Tupeane uzoefu: ujumbe wa ngozi kwenye WhatsApp, unaosaidia na unaoharibu (Kigoma)

Ujiji_Mwanzo: Wahudumu wa afya ya jamii, walimu na wenye maduka ya dawa muhimu, kuanzia Uvinza hadi Kibondo, karibuni. Tuandike hatua na vipimo. Habari za shemeji na majirani tuziache.

Bangwe_Dawa: Naanza na upele, ule unaoletwa na wadudu wadogo wanaojichimbia ngozini. "Pakeni BBE" (benzyl benzoate emulsion, dawa ya upele ya kupaka) peke yake si elimu. BBE ya 25% kwa mtu mzima: oga, jikaushe, paka kuanzia shingoni hadi nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kesho yake paka tena bila kuoga, kisha oga baada ya saa 24. Ya mtoto huchanganywa na maji nusu kwa nusu. Kichanga kipelekwe kituoni. Sasa, sentensi ambayo wengi huiacha: nyumba nzima ipake siku moja, hata asiyejikuna, kwa sababu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila dalili. Andikeni pia kwamba muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 ingawa wadudu wamekufa. Msipoandika, watu watapaka kila siku mpaka ngozi iungue, halafu dawa ndiyo ilaumiwe.

Mwl_Kasulu: Picha nyingi zinazosambazwa ni za ngozi nyeupe, zinaonyesha wekundu. Kwetu palepale huwa zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, hivyo mzazi anaona haimhusu mwanawe. Pigeni mchana karibu na dirisha, flashi izimwe. Moja ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu iwe na sarafu pembeni. Ikitumwa kawaida hupungua ubora. Ikitumwa kama dokumenti hubaki safi, ila inaweza kubeba na mahali ilipopigwa, kwa hiyo zimeni lokesheni ya kamera kwanza. Uso na sehemu za siri hazitumwi kwenye kundi, ruhusa iwepo isiwepo.

HeruJuu: Maandishi marefu bibi hasomi. Sauti ya dakika moja kwa Kiha, ugonjwa mmoja, basi.

Bangwe_Dawa: Naongezea. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu, maana fangasi wamo ndani ya unywele. Vinahitajika vidonge vya kuandikiwa kituoni. Na kwa fangasi wa ngozi ya mwili, zile krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni (steroidi) ndizo balaa: muwasho unatulia, duara la fangasi linapoteza ukingo, fangasi wanaendelea kutambaa. Anayetuma picha aulizwe kwanza amekuwa akipaka nini.

Kibondo_Mhudumu: Baka lililopauka, lisilowasha, huenda ni ukoma: sokota pamba iwe na ncha, mtu afumbe macho, aonyeshe kwa kidole unapomgusa. Asipohisi, aende kituoni haraka. Dawa za ukoma ni bure. Hayo mwambieni faraghani. Mkilitaja jina la ugonjwa huo kwenye kundi, atajificha na baka lake.