Acheni kugeuza "mabondeni" kuwa tusi

Wakuu, nimechoka. Masika yakianza tu hapa Dar, kila redio na kila ukurasa ni wimbo mmoja: "wakazi wa mabondeni wahame". Tahadhari siikatai. Maji yanaua, na Desemba 2011 yaliua watu wengi mji huu. Kinachoniudhi ni neno lenyewe lilivyogeuzwa. Siku hizi "mtu wa mabondeni" maana yake mbishi, mchafu, anayejitakia. Maji yakimbeba mtoto Kigogo, komenti ya kwanza ni "si waliambiwa?" Maiti haijazikwa!

Haya, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa wapi? Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi, hilohilo linalopita Kigogo. Imefurika mara ngapi, mabasi yakahamishwa na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale? Mbona waliochora ramani na kugonga mihuri hamjawahi kuwaita watu wa mabondeni? Mpangaji wa chumba kimoja ndiye mkaidi, ila mwenye wahandisi na bajeti tunaambiwa kapatwa na mabadiliko ya tabianchi. Huo ni uonevu.

Mimi nimekulia Kilombero. Kule mtu akisema anashuka bondeni, hakuna anayemdharau: anaenda kwenye mpunga wake. Mto unafurika, unatandaa, unaacha rutuba, maji yakipungua watu wanavua kambale kwenye madimbwi. Bonde lile linalisha Mto Rufiji, na tangu 2002 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wabondei wa Muheza jina lao limetoka kwenye neno hilohilo, bonde. Wapenda soka wakisema timu imekwenda Bondeni, tunajua ni Afrika Kusini. Na tukisema maisha yana milima na mabonde, tunasema hali inayompata kila mtu, hatumnyooshei mtu kidole.

Msimbazi nao ni bonde kama hayo. Maji yakitoka vilima vya Pugu lazima yapate pa kutandaa kabla ya kufika baharini pale Daraja la Salenda. Anayemwaga kifusi kandokando ya mto usiku ili apate kiwanja anayasukumia maji kwa jirani. Huyo hatangazwi redioni, wala hana jina la kejeli.

Kwa hiyo watangazaji, na nyinyi mnaokomenti mkiwa ghorofani: tajeni mitaa. Semeni maji yanatarajiwa Hananasif, Mchikichini, Jangwani, usiku wa leo, na shule gani imefunguliwa watu wakajihifadhi. Hiyo ndiyo tahadhari inayomsaidia mama mwenye watoto watatu na godoro kichwani. Na mnaomwona mwenye lori la kifusi, pigeni picha namba ya gari mpeleke serikali ya mtaa.

Wa Tabata, Kigogo na Suna mliomo humu, nyie mnaambiwaje mvua zikianza?