Mrejesho: solo ya yufoniamu kwenye "Torna a Surriento"

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini bendi inaimeza sauti ya yufoniamu yangu (ala ya shaba ya kupuliza, yenye sauti nene) kwenye wimbo huu wa Napoli, Italia, na kwa nini pumzi inaniishia kila nikikaribia mwisho. Onyesho limepita, nawaletea majibu.

Aliyeniambia niache noti kwanza nisome maneno, Mungu ambariki. Nilikuwa naupiga kama maandamano! Kumbe Giambattista De Curtis aliandika ombi la mtu anayeachwa, na ndugu yake Ernesto akalitilia muziki: unaanza kwa maina (ngazi ya sauti yenye huzuni), unafunguka kwenye meja (ngazi yenye uchangamfu), kisha majonzi yanarudi. Nikaandika maneno chini ya noti kwa penseli, nikawa napumua pale tu mwimbaji angepumua. Tatizo la pumzi likapungua zaidi ya nusu.

Kuhusu kumezwa, kosa halikuwa langu peke yangu. Konet (ala za shaba zinazofanana na tarumbeta) zilikuwa zinashika noti ndefu kwenye usawa uleule wa sauti yangu. Mwongozaji alibakiza mpigaji mmoja kwa kila sehemu pale ninapoanza, bendi nzima ikaingia kwenye meja. Tofauti ilikuwa kubwa, hata mpiga ngoma aligeuka kunitazama.

Ushauri wa kuvuta tempo, yaani kupunguza kasi, kila mahali sikuufuata, samahani mkuu. Nilijaribu mazoezini, wapigaji wa besi wakapotea njia. Nilivuta kwenye ile noti ya juu ya mwisho tu.

Ikakwaruza kidogo. Mama anasema hakusikia.